Mkono Usio na Kura

Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa bwalo, wanafunzi wa Sekondari ya Kabulo walikuwa wamejitolea kwa moyo mkunjufu kusimamia uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Tangazo halikusema kwamba moyo wa Tusekile Mwakipesile ulikunjuliwa na mwalimu wa nidhamu. Juma lililotangulia, kengele ya shule, ile inayosema, iliwatangazia wanafunzi wote, kwa sauti ya mkuu wa shule mwenyewe, kwamba kutokana na baridi somo la hesabu limeahirishwa hadi kiama. Uchunguzi ulifanyika. Haukuchukua muda.

"Chagua," Mwalimu Gwamaka alimwambia. "Kufyeka uwanja mpaka likizo, au kuitumikia nchi."

Tusekile aliutazama uwanja. Akaona nchi inamhitaji.

Ndiyo maana asubuhi ya uchaguzi alikuwa akipanda kilima nyuma ya mwalimu huyo, amevaa fulana ya manjano yenye maandishi MTUMISHI WA KURA, huku Lugano, mwenzake wa kidato, akibeba sanduku la karatasi za akiba kichwani na kulalamika kwa niaba ya wote wawili.

"Habari za nyumbani, Tusekile?" mwalimu aliuliza bila kugeuka.

"Nzuri, mwalimu."

"Vizuri."

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, juu kidogo ya pale mlima ulipokatika masika yaliyopita na kulifunika eneo la Bondeni. Dirishani lilionekana kovu lenyewe, jekundu, na droni za chai zikipita juu yake na magunia yao kana kwamba hapakuwahi kuwa na nyumba. Uchaguzi ulihusu jambo moja tu: uwanda ulioko juu ya barabara. Mgombea mmoja, Mama Kisa, alitaka wapewe waliofunikiwa nyumba zao. Mwingine alitaka upandwe chai. Kwa kuwa chai yote ya Kabulo ni ya Mzee Kapange, na mgombea huyo ni mdogo wake Mzee Kapange, hapakuwa na haja ya kuuliza wazo lilitoka kichwani mwa nani.

Katikati ya darasa aliketi Mama Mkwe.

Jina lake la serikali lilikuwa Kithibitishi cha Hiari. Kwa macho kilikuwa kiti cha chuma chenye mikono miwili mipana ya kulaza viganja, kioo cha kuchagulia mgombea, na taa moja juu, kubwa kama chungwa. Lakini nchi nzima ilimwita Mama Mkwe, kwa sababu alikupokea kwa sauti tamu, akakuuliza hali, na wakati wewe unajibu kwa adabu yeye alikuwa anakupima kuanzia jasho la viganja hadi mapigo ya moyo. Alibuniwa baada ya chaguzi nyingi mno za khanga, sukari na vitisho.

"Kila mwili una tabia yake," Mwalimu Gwamaka aliwaeleza, akimfuta Mama Mkwe vumbi kwa heshima. "Yupo anayetoka jasho hata akitaja jina lake. Kwa hiyo kwanza anakusalimu. Namna mwili wako unavyojibu salamu, hiyo ndiyo sura yako unaposema kweli. Kisha anakuuliza kama umekuja kwa hiari yako. Mwili ukijibu vilevile, taa ya kijani, unachagua. Ukibadilika, nyekundu. Unasema usichokiamini, maana yake kuna mtu amekutuma."

"Lakini kwa nini salamu, mwalimu?" Lugano aliuliza.

"Kwa sababu ni jambo dogo. Nani atajisumbua kudanganya kwenye salamu?"

Hakuna aliyecheka. Hata Tusekile hakucheka, na yeye alicheka hata kwenye gwaride.

Alijaribiwa Lugano. Alisema habari za asubuhi ni nzuri, akasema amejitolea kwa hiari yake, na taa ikawa kijani, kwa sababu Lugano ni mtu wa aina hiyo hasa. Kisha akaketi Tusekile.

"Habari za asubuhi?" Mama Mkwe aliuliza kwa sauti ya asali.

"Nzuri."

"Je, umejitolea kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu kabisa," Tusekile alisema, akimtazama Mwalimu Gwamaka machoni.

Kijani.

Lugano alikohoa. Mwalimu alikunja uso. Tusekile aliinuka taratibu kama malkia anayeondoka kitini, akijua kwamba siku hiyo amemdanganya mjuzi wa uongo wa taifa zima, na kwamba bwenini watalazimika kumpa kitanda cha dirishani.

Kabla ya kituo kufunguliwa waliapa. *Sitamwona mpiga kura anapochagua. Sitamtia mpiga kura neno mdomoni. Sitausukuma mkono wa mpiga kura.* Mwisho mwalimu akawasomea kifungu cha wanafunzi, kile ambacho ndicho sababu ya sheria kuwataka vituoni. Hakuna jambo kubwa lingeweza kufanyika kituoni, hata kumzima Mama Mkwe, mpaka viganja viwili vikubali: cha msimamizi, ambaye leo alikuwa mwalimu mwenyewe, na kimoja cha mtu asiye na umri wa kupiga kura. Watunga sheria waliuita mkono usio na kura. Waliamini kwamba asiyechagua hana upande.

"Leo mkono huo ni wa Tusekile," mwalimu alisema, na alionekana kama mtu aliyeyameza maneno hayo bila maji. "Jina limetoka kwenye kura ya bahati. Si mimi."

"Nchi imesema, mwalimu."

"Nchi haijui habari ya kengele."

*

Asubuhi ilikwenda vizuri. Wapiga kura waliingia wakipukuta mvua kwenye makoti, wakalaza viganja, wakasalimiwa, wakachagua. Kazi ya Tusekile ilikuwa kuwaketisha na kuwainua.

Wa kwanza kupata nyekundu alikuwa Asegelile, fundi wa droni za chai, mwanamume mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Taa ilipowaka alifumba macho. Tusekile alimpeleka kwenye benchi la nyuma, ambako wenye nyekundu walisubiri kujaribu tena mara moja tu.

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa." Kisha akacheka chini chini, bila furaha. "Usinipe pole, mdogo wangu. Ningeweza kumbusu huyu Mama Mkwe. Nakaa nyumba ya kampuni, mimi na mke na mapacha. Mzee Kapange ametuita mafundi wote jana, akatutajia jina la kubonyeza. Na yuko pale nje, chini ya mwavuli, anatuhesabu tukitoka. Sasa nitamwambia ukweli: mzee, mimi nilikuwa tayari, mashine imenikataa."

"Na wewe mwenyewe ungemchagua nani?"

"Ulipoapa, hukuapa kutouliza hilo?"

Tusekile alikumbuka kwamba aliapa kitu cha namna hiyo. Aliondoka akijisikia mtu wa maana. Kumbe mashine ilifanya kazi. Kumbe kulikuwa na mtu mzima mwenye mabega kama kabati ambaye leo alilindwa na kiti.

Kisha wakaanza kuja watu wa Bondeni.

Walikuja pamoja, kama walivyozoea tangu walipoanza kuishi pamoja katika mahema ya uwanja wa mpira. Wa kwanza kuketi alikuwa Mama Subilaga, aliyekuwa akiuza maandazi langoni mwa shule. Kabla ya masika alikuwa na mume na mtoto wa kiume.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Je, unapiga kura kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Nyekundu.

Akafuata jirani yake: nzuri, ndiyo, nyekundu. Mzee wa kanisa: nzuri, ndiyo, nyekundu. Benchi la nyuma likajaa, wengine wakasimama ukutani.

"Wamenunuliwa," mtu alinong'ona kwenye foleni. "Mama Kisa kawapa nini hawa?"

"Ameninunua kwa kipi?" Mama Subilaga alimgeukia. "Kwa haya mahema yanayovuja? Kaa kimya mwanangu, nisije nikakukumbusha ulivyokuwa ukikopa maandazi."

Mwalimu Gwamaka alimkagua Mama Mkwe: nyaya, viganja, taa. Hapakuwa na hitilafu. Mashine ilisema kweli ya mashine. Na kwa sheria, wakishindwa mara ya pili, kura zao zingewekwa kando moja kwa moja, na uwanda ungepandwa chai.

*

Tusekile alisimama kando ya kiti akiwaza jambo ambalo mwanzoni lilimkera tu, kama kokoto ndani ya kiatu. Watu hawa hawakudanganya. Mtu aliyedanganya asubuhi ile, na kupewa kijani, ni yeye.

Alijua uongo. Bila majivuno, alikuwa mtaalamu. Alijua kwamba uongo hauonekani kwa jasho bali kwa tofauti; ukitaka matroni asigundue siku utakayodanganya, mdanganye kidogo kila siku, azoee. Je, yeye alimzoesha Mama Mkwe lini? Alisema maneno mawili tu. La pili lilikuwa uongo wa wazi. La kwanza lilikuwa...

Akakitazama kiti.

La kwanza lilikuwa "nzuri".

Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa ananyonya, alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa tangu Jumapili na mpira wa hewa puani. Shuleni hakuna aliyejua, kwa sababu kila aliyemuuliza habari za nyumbani alijibiwa kama watu wanavyojibiwa. Nani hujibu vingine? Hapa Kabulo mtu atakuja mlangoni kwako kutangaza msiba, na utakapomuuliza habari atasema *nzuri*, kisha atavuta pumzi, kisha atasema *ila baba hatunaye*. Nzuri si habari. Ni mlango. Mtu hufungua kwanza, ndipo anaingia na mzigo wake.

Mama Mkwe alikuwa anasikiliza mlango tu. Mwenye raha akisema nzuri, mwili wake ulisema kweli. Mwenye huzuni akisema nzuri, mwili wake ulilia, na kilio hicho mashine ikakiandika: hivi ndivyo huyu anavyokuwa akisema kweli. Kisha akisema kweli hasa, mashine haimtambui. Na mwenye huzuni aliyetumwa, akidanganya mara mbili, anapita akipunga mkono.

Angeweza kumwinamia Mama Subilaga na kumnong'oneza: sema mbaya. Neno moja. Lakini ndilo hasa alilokula kiapo kutolifanya. Likigundulika, kura za kituo kizima zingetupwa, na safari hii hakuna nyasi ambazo zingetosha kufyeka.

"Mwalimu," alisema. "Naomba kitufe cha majaribio."

"Si wakati wa michezo."

"Najua. Na ningekuwa mimi ndiye wewe, nisingeniamini. Lakini nakuomba, mwalimu wangu. Mbele ya watu wote, ili useme mwenyewe kama ni mchezo."

Labda ni lile neno *nakuomba*, ambalo hakuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa kile. Akabonyeza.

Tusekile alilaza viganja. Darasa lote lilikuwa linamtazama, na Lugano pia.

"Habari za asubuhi?"

Lilikuwa neno dogo, ambalo hakuwahi kulitumia kujibu salamu. Alikuwa amewahi kumwiga mkuu wa shule, askofu na mkuu wa wilaya bila kigugumizi.

"Mbaya," alisema.

Foleni iliguna, kama mtu ametukana.

"Mbaya sana. Bibi yangu yuko hospitali na sijui kama nitamkuta."

"Je, umejitolea kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Nyekundu.

"Sasa tena," alisema. Mashine ikasalimu. "Nzuri." Mashine ikauliza. "Ndiyo, kwa hiari yangu."

Kijani.

Mwalimu Gwamaka hakuwa mjinga. Alisimama, mkono juu ya kitufe, na kila mtu aliona jinsi jambo lilivyokuwa linamwingia taratibu, kama maji kwenye udongo. Alipozungumza hakuzungumza kuhusu mashine.

"Kwa nini hukuniambia, Tusekile?"

"Uliniuliza habari za nyumbani, mwalimu. Nikasema nzuri."

"Nami nikasema vizuri," mwalimu alisema.

*

Ingekuwa hadithi fupi kama mambo yangeishia hapo: watu wa Bondeni wamesikia wenyewe, hakuna aliyetiwa neno mdomoni, basi waketi waseme mbaya na wapige kura. Lugano alifikiri hivyo. Hata akafuta kiti.

Mama Subilaga hakuinuka.

"Nimeelewa," alisema. "Nikitaka kura yangu, nimwambie Mama Mkwe kwamba mume wangu na mwanangu wako chini ya tope. Nilaze mikono, nimlilie, na watu wamepanga foleni wananitazama. Si ndiyo?"

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kitufe.

"Mimi nikisema nzuri sidanganyi mtu, mwalimu. Najisitiri. Tope lilichukua kila kitu, likaniachia neno hilo. Nikitaka kusema mengine, nasema kwa ninayemtaka, siku ninayotaka. Huyu si ndugu yangu." Akafunga kitenge chake kiunoni. "Kama bei ya kura ni hiyo, bakini nayo."

Watu wa Bondeni walitazama sakafu. Hakuna hata mmoja aliyesogea kuelekea kiti.

Mwalimu Gwamaka alimvuta Tusekile dirishani. "Kuna njia," alisema kwa sauti ya chini. "Tunamzima. Kura zilizopita zinafutwa, watu wanaitwa upya, wanapiga kwa karatasi nyuma ya pazia kama zamani. Kisha naandika maelezo, na wakubwa wanaweza kukubali au kukataa. Mimi nimeshaamua. Lakini bila mkono wako hazimiki."

Tusekile angekuwa ameshanyanyua mkono, kama si kwamba macho yake yaliangukia Asegelile.

Fundi yule alikuwa amesimama, mgongo ukutani, hatua chache kutoka dirishani. Alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa, kidogo tu, kwa ajili ya Tusekile peke yake.

Tusekile alimwendea.

"Usifanye hivyo, mdogo wangu," Asegelile alisema. "Mashine ikizimwa sina tena pa kujificha. Atasema: sasa hakuna kilichokukataa, nenda. Nitaketi na ile karatasi, na nitaona uso wake hata akiwa nje."

"Kuna pazia, kaka. Hatajua."

"Mimi ndiye nitakayejua. Na mimi nina watoto."

Kwa mara ya kwanza Tusekile aliona maana ya mkono wake. Ulikuwa mkono mdogo wenye wino wa kalamu kwenye kidole cha shahada. Ukibonyeza, ulimvua mtu huyu nguo yake pekee. Usipobonyeza, uliwaacha nje watu wote wa ukutani, na ukawabandika jina la watu waliotumwa. Watunga sheria walisema hauna upande. Hawakuwahi kusimama katikati ya benchi lile.

"Sina la kukuahidi," alimwambia. "Ningekudanganya, ningeweza, najua namna. Lakini huyu Mama Mkwe anakulinda wewe kwa kuwakataa wale. Siwezi kukubali hivyo. Nisamehe."

Asegelile hakusema amemsamehe. Alisema, "Wewe ni mtoto."

"Ndiyo, kaka. Ndiyo maana wameniita."

Alirudi. Akalaza kiganja chake kando ya kile cha mwalimu. Mama Mkwe aliwasalimu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na kabla hajamaliza neno *asubuhi* taa yake ikafifia, ikazimika.

*

Pazia lilikuwa shuka la bweni, la Lugano, lenye picha za sungura, na historia haina budi kulitaja. Lugano mwenyewe alizunguka mitaani na kipaza sauti kuwarudisha waliokwisha kupiga, na wengi walirudi wakinung'unika. Mama Subilaga aliingia nyuma ya sungura, akatoka, akatumbukiza karatasi yake, akasema "asanteni kwa kazi", na kwenda zake bila kumtazama mtu.

Mzee Kapange alifika hadi mlangoni, mwavuli ukichuruzika. "Nasikia mashine mbovu," alisema. "Asegelile! Mbona umekaa? Ingia, tuna kazi kiwandani."

"Shikamoo, mzee," Tusekile alisema, akisimama mlangoni katikati.

"Marahaba. Pisha, binti."

"Mlango huu unapitwa kwa zamu, na zamu yako haijafika, mzee wangu. Naomba usubiri nje, mvua inapungua." Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima. Nyuma yake Mwalimu Gwamaka alisogea, akasimama begani pake.

Mzee Kapange alisubiri nje. Lakini hakwenda mbali, na mlango wa darasa haukuwa na ubao wa kuufunga.

Asegelile alichukua karatasi. Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu hata foleni ikaanza kukohoa. Alipotoka karatasi ilikuwa imekunjwa ndogo sana, na mkono ulioishika ulikuwa unatetemeka. Mkono unaofungua injini za droni zenye skrubu ndogo kama punje za ulezi. Alifika kwenye sanduku. Karatasi iligonga ukingo wa tundu, ikateleza. Akajaribu tena. Ikagonga tena.

Mzee mmoja alinyoosha mkono amsaidie, mwalimu akamzuia kwa jicho. Nje, mwavuli ulisimama. Tusekile alikuwa hatua moja kutoka pale. Kumgusa tu kiwiko, kumwelekeza kidogo, ingekuwa kazi ya kupepesa jicho, na hakuwahi maishani mwake kuona kitu kimekwama bila kukisukuma.

Akaishika mikono yake miwili mgongoni, akaibana.

Asegelile aliiweka karatasi juu ya tundu kwa mara nyingine. Alipumua. Hakuna mtu darasani aliyemhimiza, hakuna aliyemuuliza hali. Walimngoja tu, wote, mpaka ikaanguka ndani.